Jina la Tano Kwenye Karatasi

Siku ya Ajira chuoni kwetu iliangukia Jumanne, na mpaka leo nikiikumbuka Jumanne ile uso wangu unapata moto kama nimesimama mbele ya tanuri.

Nilikuwa mwaka wa nne, Ununuzi na Ugavi, katika chuo kimoja pale Port Said. Miaka mitatu mfululizo nilikuwa wa kwanza darasani, na sijaona kitu kinachomfanya msichana awe mjinga kama hicho. Unaanza kuamini kwamba kila utakachokishika lazima kiwe cha kwanza: daftari, viatu, hata mchumba.

Mchumba alikuwa Basim Shalabi. Alinitangulia chuoni miaka miwili. Ndiye aliyenifundisha hesabu za akiba ya ghala, chini ya ngazi za maktaba, kwa punje za turmusi, zile kunde za chumvi tulizokuwa tunakula. Nikikosea, alikula punje yangu. Nikipatia, alinipa yake. Mtihani niliufaulu, na moyo nao ukawa umekwenda zake. Mapenzi yetu yalikuwa yale ya watu wanaojua kuwa wanatazamwa: tunapanda kivuko kwenda Port Fuad, tunarudi, tumekaa benchi moja na mkoba wangu katikati. Hakuwahi kunigusa hata kidole. Alikuwa akinitazama tu, polepole, kana kwamba hana pengine pa kwenda, na mimi usiku nilikuwa silali kwa sababu ya macho yale.

Ijumaa ya wiki hiyohiyo, baada ya Alasiri, yeye na mama yake walikuwa waje nyumbani kwetu kusoma Fatiha ya uchumba. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa ukweli.

Basim alikuwa mtunza ghala. Ghala la dawa, nje ya mji, kizibao cha rangi ya chungwa na funguo kiunoni. Mimi nyumbani nilikuwa nimesema jambo jingine. Miezi michache nyuma, binti wa jirani yetu alipochumbiwa na mtunza ghala wa kiwanda cha sabuni, mama yangu alijipiga kofi kifuani. "Miaka minne ya chuo, halafu mtu abebe funguo za stoo! Kikipotea kitu nani anakamatwa? Si yeye? Afadhali binti yangu akae nami mpaka azeeke." Kwa hiyo ilipofika zamu yangu kuulizwa, nilijibu haraka kuliko nilivyofikiri: "Basim yuko idara ya mipango, mama. Ghorofa ya tatu. Ana meza, ana kiyoyozi." Mama akaridhika na kiyoyozi. Baba yangu, Haji Fathi, alinywa chai yake akanyamaza. Nikajiambia nitarekebisha kesho. Kesho hiyo niliisogeza mbele wiki tano.

Asubuhi ya Jumanne, baba akanipigia simu nikiwa tayari darasani.

"Kaa mbele, binti. Dokta Nirmin ameniomba nije kuzungumza. Wakala wa forodha waliyemwalika anaumwa mgongo."

"Wewe, baba? Leo?"

"Unaniona sifai? Miaka thelathini bandarini, nitakosa la kuwaambia watoto wa watu?"

Nilicheka nikaona fahari. Sikujua kwamba Dokta Nirmin, mhadhiri wetu, alikuwa amealika mgeni mwingine, na kwamba mgeni huyo alikuwa amemsihi asinitajie kwa sababu alitaka kunishtukiza.

Ukumbini waliweka viti vitano mbele. Cha kwanza alikaa Madamu Shirin, mkuu wa ununuzi wa kiwanda cha nguo, viatu virefu na sauti ya kutoa amri. Cha pili, wakala wa meli mwenye simu mbili. Cha tatu, kijana wa mipango mwenye tai. Cha nne, baba yangu, koti lake la Idi. Halafu mlango wa pembeni ukafunguliwa, akaingia Basim. Alikuwa ametoka moja kwa moja zamu ya asubuhi. Kizibao cha chungwa, buti za kazi, funguo zikilialia kiunoni. Alinitafuta kwa macho, akaniona safu ya pili, akatabasamu tabasamu la mtu aliyeleta zawadi.

Moyo wangu uliruka kwa furaha. Kisha ukaangalia kiti cha nne, ukaanguka.

Akakaa pembeni ya baba yangu. Wakapeana mikono. Nilijipa moyo: baba hajawahi kumwona, anajua jina tu, na kibao chenye jina kimegeukia kwetu, yeye hawezi kukisoma.

"Yule wa mwisho mzuri, jamani," Inji, rafiki yangu, akaninong'oneza. Hakuwa akimjua, nilikuwa nimemficha hata kwake. "Ila mbona amekuja kama fundi bomba?"

Niliinamia daftari langu.

Madamu Shirin alianza. "Mnaotaka ununuzi, jifunzeni kusema hapana huku mnatabasamu. Mtaanza kwa kuomba bei kwa watu wasiopokea simu. Atakayevumilia mwaka wa kwanza, tutaonana juu." Wakala wa meli akasema kazi yake inamfaa asiyependa usingizi. Kijana wa tai akaonyesha michoro mizuri, akasema mpangaji ndiye anayejua leo kitakachohitajika mwezi ujao, na wasichana wa safu ya kwanza wakaandika kila neno.

Baba akasimama. Watu walimpenda mara moja. "Uwakala wa forodha hamtaupata kwenye skrini," alisema. "Miaka miwili utabeba mafaili. Utajua kila dirisha, kila karani, nani anakunywa kahawa chungu na nani ana mtoto mgonjwa. Baada ya hapo mzigo unatoka." Wakapiga makofi. Nilikuwa naanza kupumua, ndipo akaongeza, akigeukia safu ya pili: "Lakini sisi wazee tunapita. Binti yangu yuko hapa, ndiye wa kwanza darasani. Na kijana anayekuja kumchumbia Ijumaa yuko mipango, ghorofa ya tatu, meza na kiyoyozi. Hizo ndizo kazi za siku hizi. Au siyo, Yumna?"

Ukumbi mzima ukageuka. Wakapiga vigelegele vya utani. Nilitikisa kichwa. Ndiyo, nilitikisa kichwa, mbele yake.

Basim hakusogea. Alinitazama, akakitazama kizibao chake, kisha akaangalia sakafu. Nilimwona akiiondoa mikono yake mezani na kuiweka mapajani, kama mtu aliyeambiwa mikono hiyo ni michafu.

Akaitwa mgeni wa tano, akasimama. Kabla hajafungua mdomo, Shadi, mchekeshaji wa darasa, akanyoosha mkono kutoka nyuma.

"Samahani, ustadhi. Mama yangu ameuza bangili nisome chuo. Nikimwambia nimepata ghala, atazimia. Hebu tuambie, ghala ni kazi au ni adhabu?"

Kicheko kilipasuka. Inji alinigonga kwa kiwiko, akicheka mpaka machozi. Na mimi nikacheka. Nilicheka kwa sababu kila mtu alikuwa anacheka, na asiyecheka angeulizwa kwa nini. Basim aliyaona meno yangu.

"Akizimia mlete kwetu," akasema taratibu, "dawa zipo." Wakacheka tena, safari hii pamoja naye. Akasubiri wanyamaze.

"Mwezi wangu wa pili pale, kompyuta ilisema tuna insulini ya kutosha. Wa mipango kule ofisi kuu wakaona namba, wakaridhika. Mimi niliingia chumba baridi nikiwa nimevaa makoti mawili, nikahesabu kwa mkono. Kijana mgeni alikuwa anapanga mzigo mpya mbele na wa zamani nyuma, kwa sababu mbele ni rahisi kufikia. Kwa hiyo kila siku kilichotoka kilikuwa kipya, na cha zamani kilikuwa kinakufa nyuma ya rafu. Nusu ya ile namba haikuwa dawa tena. Tuligundua siku tisa kabla hospitali hazijaishiwa." Akamtazama Shadi. "Kama unataka kupanga, panga. Kama unataka kununua, nunua. Ila anza mwaka mmoja mahali ambapo kitu kina uzito. Nimeitwa ofisi kuu mara mbili, nimeomba waningoje. Sijamaliza kujifunza. Ni kazi, ndugu yangu. Mwambie mama bangili hazikupotea."

Hakuna aliyecheka. Hata Shadi alipiga makofi. Kijana wa tai aliinama akaandika kitu.

Kisha Dokta Nirmin akanikabidhi karatasi. Neno la shukrani hutolewa na mwanafunzi wa kwanza, na mimi nilikuwa nimelisubiri kwa hamu wiki nzima. Majina matano, na mbele ya kila jina, kazi yake. Nikasimama jukwaani, baba hatua tatu kutoka kwangu. Nikamshukuru Madamu Shirin. Nikamshukuru wakala wa meli. Nikamshukuru kijana wa mipango. Nikamshukuru Haji Fathi, sauti ikitetemeka, wakadhani ni mapenzi ya binti kwa baba. Jina la tano lilikuwa pale, limepigwa chapa vizuri: *Basim Shalabi, mtunza ghala.* Nililisoma kwa macho. Ulimi ukakataa.

"Asanteni sana kwa kutusikiliza," nikasema, nikakunja karatasi.

"Yumna," Dokta Nirmin akaita kutoka chini, "umemsahau mmoja."

Nilisimama pale nikitazama kitambaa cha meza. Basim ndiye aliyevuta kipaza sauti.

"Hamna tabu, Dokta. Sisi wa ghala tunafungua mlango, tunafunga mlango. Kututaja si lazima."

Ukumbi ukacheka kwa upole, shughuli ikaisha. Alinisitiri mbele ya watu mia mbili, na kila mmoja wao alidhani ni mzaha.

Nilimkuta nje, ng'ambo ya barabara, karibu na mkokoteni wa viazi vitamu vya kuchoma. Alikuwa amevua kizibao na kukikunja kidogo sana, kama leso.

"Basim."

"Hongera. Umezungumza vizuri."

"Usinifanyie hivyo. Nitukane."

"Kwa nini nikutukane?" Hakuinua sauti. "Ghorofa ya tatu, Yumna. Ghala letu halina hata ghorofa ya pili."

"Ni mama. Wewe humjui mama. Akisikia ghala..."

"Mama yako hakuwa ukumbini." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike, na macho yale yaliyokuwa yananikosesha usingizi yalikuwa yamechoka. "Kwa mama yako ulidanganya, sawa, hofu ya nyumbani naijua. Wewe umecheka. Nani alikulazimisha kucheka?"

"Wote walikuwa wanacheka."

"Wote hawakunijua."

"Binti," mwenye mkokoteni akaingilia, "mnanunua au mnagombana? Mnawazibia wateja njia."

"Tupe viwili, mzee," Basim akasema. Akanipa kimoja kwenye karatasi, cha moto, kama kawaida yake, hata siku ile. Nilikishika nikashindwa kukila.

"Nitasema," nikamwambia. "Leo leo. Nitamwambia baba, nitamwambia mama, nitamwambia Inji. Ijumaa ukija watakuwa wanajua kila kitu."

"Ijumaa siji."

"Basim!"

"Nije niingie na kizibao au niazime tai ya yule bwana? Nikikaa kwenye kochi lenu niseme nini, kiyoyozi kinanisumbua kifua?" Alijaribu kucheka, sauti ikamkatika. "Nilikuwa nikiamka alfajiri, nikivaa zile buti, najiambia yupo mtu mmoja Port Said anajua ninachofanya na anakiheshimu. Mmoja tu. Ndiye aliyenitosha. Kumbe na mimi umenipanga nyuma ya rafu, mbele umeweka bwana mwingine anayependeza machoni."

"Nakupenda," nikasema. Lilikuwa neno dogo sana mahali pale, na nilijua.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana inauma."

Akavuka barabara. Nilibaki na kiazi mkononi, machozi yakidondokea kwenye karatasi, na mwenye mkokoteni akajifanya anapuliza makaa.

Nyumbani nilimkuta baba barazani na chai yake. Mama alikuwa sebuleni akifuta vumbi kwenye vikombe vya wageni vya Ijumaa. Nilisimama katikati yao, mlangoni, nikasema yote bila kupumzika: hana meza, hana ghorofa, ni mtunza ghala, ndiye aliyekaa kiti cha tano, na mimi ndiye niliyedanganya, yeye hakujua.

Kikombe kilimponyoka mama kikaangukia zulia. "Mtunza ghala! Umesikia, Haji? Vikombe vyangu nimevitoa kwa ajili ya mbeba funguo!"

"Nimesikia," baba akasema. "Nilijua."

Tulimgeukia wote wawili.

"Kijana anataka binti yangu, mnadhani nitakaa kungoja aje na sanduku la halua? Nilimuulizia wiki tatu zilizopita, kama baba yeyote. Nilikwenda mtaani kwao, nikamuuliza kinyozi, nikamuuliza mwenye duka, nikamuuliza imamu. Nikaenda hadi kwenye ghala, nikamuuliza bawabu, akanionyesha kijana mwenyewe kwa mbali. Bawabu akaniambia: huyo akitoka, mizani inatoka naye." Akaweka gilasi chini. "Sijapata kusikia habari nzuri hivyo za mtu tangu nimekuwa bandarini. Nikajiambia binti yangu ana macho."

"Kwa nini hukusema?" nikauliza.

"Nilikuwa nakungoja wewe. Kila siku chai, kila siku nakungoja. Leo nilipomwona amekaa pembeni yangu, nikasema Mungu amenirahisishia. Nikakufungulia mlango mbele ya watu. Nilidhani utacheka useme, baba umekosea, wa ghorofa ya tatu nani, huyo hapo pembeni yako." Sauti yake ikashuka. "Ukatikisa kichwa. Halafu ukamruka jina. Nikaona nimemtumia kijana wa watu kukupima wewe, na yeye ndiye aliyeumia. Nimerudi nyumbani nimeona aibu kama sijawahi kuona."

Mama aliinama akaokota kikombe.

"Sasa nikuulize jambo, Yumna," baba akasema. "Sisi tulimuulizia yeye. Mama yake naye akija kwa kinyozi wetu, kwa mwenye duka wetu, akija kwangu mimi, aniulize: huyu binti yako ni mtu wa namna gani? Nimwambie nini?"



Kesho yake, Jumatano, nilipanda kivuko peke yangu kwenda kwao Basim, Port Fuad. Mama Basim alikaa ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti. Alinifungulia akiwa na gauni la nyumbani, vidole vina mchele. Alikuwa anakunja mchele ndani ya majani ya kabichi. Nyuma yake, kwenye mlango wa kabati, gauni lake jeusi la kuvaa Ijumaa lilining'inia limepigwa pasi.

"Yumna! Ingia, mwanangu. Basim ameniambia Ijumaa imeahirishwa, ati kazini wamemwekea zamu. Nimewasema wakubwa zake siku nzima. Watu hawana huruma!"

Alikuwa amenisitiri tena. Hata kwa mama yake.

"Hakuna zamu, mama," nikasema. Sikukaa. "Nimekuja ili usisumbuke kuniulizia kwa watu. Habari zangu nitakupa mwenyewe."

Nikampa. Sikupunguza. Nilipofika kwenye kicheko, mikono yake iliacha kukunja. Nilipofika kwenye jina la tano, akaketi. Nilitamani anipige kofi, ningejua pa kuweka uso. Akachambua mchele uliogandia kidoleni.

"Baba yake alikuwa mbeba mizigo," akasema mwishowe. "Mimi siku ya Fatiha yangu niliwaambia shoga zangu ni karani. Walicheka walipojua ukweli, na mimi nilitaka ardhi inimeze. Kwa hiyo najua uliposimama. Lakini mimi sikucheka nao, mwanangu. Hapo ndipo umenizidi."

Nilianza kulia.

"Futa machozi, hayanisaidii. Sikiliza. Kwetu bwana ndiye anayeuliziwa, na bwana ndiye anayepanda ngazi za watu akiwa na sanduku mkononi, anakaa kwenye kochi anatazamwa kama kondoo wa Idi. Sawa. Wangu mmeshamuulizia, mmeshamtazama, mmeshamcheka. Ijumaa sisi hatuji. Kama bado mnamtaka, pandeni nyinyi."

Kwetu haijawahi kutokea. Mama aliposikia alisema atakufa kwanza. Baba alikwenda kwa mwuza halua, akarudi na sanduku la basbusa lililofungwa utepe.

"Haji, utalibeba hilo mbele ya watu?" mama akauliza.

"Nilimwaibisha mbele ya watu."

Ijumaa baada ya Alasiri tulivuka. Mama alikuja, hatua tatu nyuma yetu, akisema atakwenda lakini hatakula. Kivukoni, kama mtu aliyetumwa, tukakutana na karani wa forodha anayejua kila mtu bandarini, pamoja na mke wake.

"Haji Fathi! Koti la Idi, sanduku la halua! Mnakwenda kuposa? Mbona huna mtoto wa kiume?"

Watu waligeuka. Baba hakujibu. Alinitazama tu na kunisubiri, kama alivyokuwa amenisubiri wiki tatu barazani.

"Tunakwenda kwa Basim Shalabi," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Ni mtunza ghala la dawa. Nilimkosea. Tunakwenda kumwomba, na huenda akatukataa."

Karani alimtazama mkewe. Mkewe alitazama maji. Mama yangu, nyuma, alivuta mtandio wake mbele, kisha nikasikia akimwambia yule mwanamke kwa ukali: "Umesikia. Kuna jingine?"

Ngazi zilikuwa nyingi. Baba alipumzika kila ghorofa na hakukubali kumpa mtu sanduku. Milango ilifunguka nyuma yetu mmoja mmoja, vichwa vikachungulia. Nilibisha hodi mimi.

Alifungua Basim. Mama yake hakuwa amemwambia. Alikuwa amevaa kanzu ya nyumbani, taulo shingoni, nywele zimelowa. Aliliangalia sanduku, akamwangalia baba, akaniangalia mimi, na sikuona kitu usoni mwake cha kushikilia.

"Mwanangu," baba akasema akihema, "mimi ni Fathi. Nilikukosea Jumanne, na nilikuwa nakujua."

Basim aliinamisha kichwa kwa adabu. Kisha akanigeukia.

"Na wewe?"

Hotuba niliyoipanga njia nzima ilinitoroka. Jirani wa mlango wa pili alikuwa amesimama na kijiko mkononi, anasikiliza waziwazi.

"Mimi ni Yumna," nikasema. "Ulinitosha siku zote. Mimi ndiye niliyekuwa sitoshi, nikaona aibu yangu nikakubebesha wewe. Sina kisingizio. Nimekuja kusema hivyo hapa, majirani wakisikia."

Taulo lilidondosha maji begani kwake. Hakutabasamu, na sikustahili atabasamu. Akanyoosha mikono akalipokea sanduku kutoka kwa baba yangu, kwa sababu si adabu kumwacha mzee amesimama na mzigo.

"Fatiha siahidi," akasema.

"Hatukuja kudai," baba akajibu.

"Chai naahidi." Akasogea pembeni. "Pita, Haji. Karibuni, mama, ngazi zetu mbaya, poleni."

Wakapita. Mimi nilibaki kwenye mkeka wa mlangoni, sijui kama ile karibuni yake ilinihusu. Hakuniambia niingie. Hakuniambia niondoke pia. Alisimama ameshika sanduku kwa mkono mmoja na mlango kwa mkono mwingine, akitazama ukutani, na hakuufunga mpaka nilipoingia.